Chuma Kilichofichwa Ukutani mwa Tanuu

Kwa karne nyingi tanuu za kuyeyushia madini zilisimama kwa uzito wake zenyewe. Fundi alipanga matofali ya kuhimili moto, akalikunja paa kuwa kuba, na kila tofali likalikaza jingine. Chuma hakikuhitajiwa upande wa ndani. Shida ilizuka pale wajenzi walipotaka kuumimina ukuta huo kama zege badala ya kuupanga.

Njia hiyo ilifunguliwa na Jules Bied, mkemia wa Ufaransa, ijapokuwa haja yake ya kwanza haikuhusu moto. Saruji ya kawaida ilikuwa ikiliwa na chumvi za salfa zilizomo ardhini kusini mwa nchi yake, naye akatafuta saruji isiyoliwa. Mwaka 1908 alipata hati ya uvumbuzi wa saruji ya chokaa na boksiti. Baadaye ikaonekana kwamba saruji hiyo, ikichanganywa na matofali ya moto yaliyopondwa, huhimili joto kali. Walakini zege la namna hii, likimiminwa juu ya bamba la chuma la tanuu, halina cha kulishika. Hupasuka kwa joto, na kipande kikianguka moto hulifikia bamba lenyewe. Hivyo vikahitajiwa vishikizo vya chuma, aghalabu vyenye umbo la V, mguu umelehemiwa kwenye bamba na ncha mbili zimezama ndani ya zege. Ndivyo viitwavyo nanga.

Hapo ndipo penye mtihani: mguu u baridi, ncha zi karibu na moto. Chuma cha kawaida kikipita kadiri ya digrii 550 za sentigredi huliwa upesi na hewa, kikatoa magamba. Nayo magamba hujaza nafasi kubwa kuliko chuma kilichoyazaa, yakalipasua zege kutoka ndani.

Dawa ilikwisha kudokezwa zamani. Mwaka 1821 Mfaransa Pierre Berthier alitambua kuwa chuma kilichotiwa kromiamu hushindana na asidi, ila chake kilikuwa chepesi mno kuvunjika. Mwaka 1906 Albert Marsh wa Marekani alipewa hati ya waya wa nikeli na kromiamu usioungua katika vyombo vya umeme. Mwaka 1912 kampuni ya Krupp ya Essen iliomba hati za chuma chenye kromiamu na nikeli, kazi ya Benno Strauss na Eduard Maurer; na mwaka 1913 Harry Brearley wa Sheffield, akishughulikia mitutu ya bunduki, alipata chuma chenye kromiamu karibu asilimia 13. Strauss ndiye aliyekuwa karibu zaidi na habari yetu, maana alitafuta ala za kufunika vyombo vya kupimia joto la tanuu. Siri ni moja: kromiamu hufanya utando mwembamba wa oksidi, nao hukizuia hewa kukila chuma.

Msomaji atadhani basi kwamba inatosha kununua chuma cha joto la juu kabisa. Sivyo. Chuma chenye kromiamu 25 na nikeli 20 kwa mia huvumilia hewa ya moto hata kupita digrii 1000. Lakini kikikaa muda mrefu baina ya 600 na 900 hivi hugeuka, na tanuu ikipoa huweza kukatika kama kigae. Tena moshi wenye salfa, usio na hewa ya kutosha, huishambulia nikeli. Na kwa kuwa chuma cha aina hii hutanuka kuliko zege, mara mbili au zaidi, fundi mwangalifu huzipaka ncha nta au huzivika kofia za plastiki. Joto la kwanza huziunguza, na mahali pake hubaki nafasi nyembamba ya chuma kupumulia.