Nukta nyekundu ikizima: historia fupi ya vyuma vya akiba

Ni muda sasa tangu niandike hapa, kazi imenibana kweli. Leo sitaandika kuhusu Java wala hifadhidata. Nitaandika kuhusu bastola, na kabla hujafunga ukurasa huu ngoja nikueleze nimefikaje huko.

Ukisomea tarakilishi chuo kikuu, jamaa zako wote huamini kwamba unaelewa kila kitu chenye betri. Redio ya shangazi ikikwama, unaitwa. Mita ya stima ikikataa tokeni, unaitwa. Ndivyo mjomba alivyonipigia simu. Yeye ana duka la jumla, amevamiwa mara mbili jioni akifunga hesabu, na amekuwa na leseni ya bastola kwa miaka mingi. Sasa ameshapita hamsini na macho yameanza kumchezea, kwa hiyo akanunua bastola mpya yenye kile kioo kidogo juu yake, ambacho ukikitazama unaona nukta nyekundu, na unaiweka nukta hiyo pale unapotaka risasi iende.

"Mpwa wangu," akasema, "bastola yangu ina betri. Njoo uitazame."

Kumbe Jumamosi moja akiwa kwenye uwanja wa kulenga shabaha, nukta ilipotea katikati ya mazoezi. Akarudi kwa vile vyuma vya kawaida vya kulengea, yaani kile cha mbele kilichosimama na kile cha nyuma chenye pengo, asivione! Vilikuwa vifupi, vimefichwa na mwili wa kile kioo. Fundi mmoja akamshauri aving'oe tu kwa sababu havina kazi. Mjomba hakulala usiku huo. Akanyoosha swali lake hivi: niving'oe, au niweke vingine, na kama ni vingine, ni vipi?

Kuhusu bastola nilikuwa sijui kitu. Lakini swali lenyewe nililijua vizuri mno. Katika kazi yangu ya kwanza tulikuwa na seva, na tulikuwa na nakala ya akiba ya data yote kila usiku. Nakala hiyo ilikuwa kwenye diski ya pili ndani ya seva ileile. Siku stima iliporudi kwa kishindo, diski zote mbili ziliungua pamoja. Tukapoteza kumbukumbu za wateja za miezi mitatu, na mwenzangu mmoja akapoteza kazi. Tangu siku hiyo, mtu akiniambia ana akiba, namuuliza kwanza: je, kile kitakachoua cha kwanza hakitaua na cha pili?

Basi nikakaa wiki mbili nikisoma, na nikakuta kwamba historia ya kitu hiki ni ndefu kuliko nilivyodhani.

Ilianza Dublin, Ireland, kwa mtengenezaji wa darubini za kutazamia nyota aitwaye Howard Grubb. Mwaka 1900 alisajili hataza ya kifaa cha kulengea kinachotumia kioo. Wazo lake ni zuri sana. Chukua alama iliyoangazwa, iweke mahali pale hasa ambapo lenzi itaufanya mwanga wake utoke ukiwa sambamba. Kisha mwanga huo uupige kwenye kioo kilichoinama ambacho unaweza pia kuona kupitia ndani yake. Jicho litaiona alama kana kwamba iko mbali sana, kulekule kwenye shabaha.

Kwa nini hilo ni jambo kubwa? Kwa vyuma vya kawaida, jicho lina kazi tatu kwa wakati mmoja: pengo la nyuma, chuma cha mbele, na shabaha. Vyote viko umbali tofauti, na jicho haliwezi kuona umbali tatu kwa uwazi mara moja. Walimu hufundisha utazame chuma cha mbele na kuacha shabaha iwe na ukungu. Mtu akizeeka, lenzi ya jicho inakakamaa na kile chuma cha mbele chenyewe kinakuwa ukungu. Kwa Grubb, nukta na shabaha viko mahali pamoja. Tena huhitaji kuweka jicho katikati kabisa, ukisogeza kichwa kidogo alama inabaki palepale kwenye shabaha. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini mjomba alikuwa tayari kulipa pesa zile zote.

Bunduki za wakati huo hazikuhitaji kitu hicho, lakini ndege zilikihitaji. Wajerumani walikijaribu mwaka 1918 kwenye ndege zao za Albatros na Fokker, na kufikia Vita Vikuu vya Pili ndege nyingi za kivita zilikuwa nacho. Na hapa, msomaji, ndipo nilipopata jibu la kwanza la mjomba. Taa ya umeme huungua. Marubani wa Spitfire wa Uingereza walikuwa na balbu za ziada zilizopangwa palepale mbele yao kwenye chumba cha rubani. Wajerumani katika kifaa chao cha Revi waliongeza pete na kijiti cha chuma, cha kutumia taa ikizima. Kwa hiyo vyuma vya akiba si ushamba wa wazee wasiopenda teknolojia. Waliotumia teknolojia hiyo mapema kabisa, tena wakiwa juu angani na mtu mwingine anawafuata kwa risasi, hawakuiamini peke yake.

Mwaka 1970 ukaleta kisa kingine kilichonifurahisha. Makomando wa Marekani walikuwa wakijiandaa kuvamia kambi ya mateka ya Son Tay, magharibi ya Hanoi, usiku. Katika mazoezi walikuwa wakikosa shabaha gizani. Wakatafuta kifaa cha raia kiitwacho Singlepoint, wakakifunga kwenye bunduki zao, wengine kwa utepe wa mafundi wa umeme. Kifaa hicho ni kipofu. Ukikitazama ndani kwa jicho moja huoni kitu ila nukta. Lakini ukifungua macho yote mawili, jicho moja linaona nukta, lingine linaona shabaha, na ubongo unaviunganisha. Walivamia tarehe 21 Novemba 1970. Mateka walikuwa wameshahamishwa, kambi ilikuwa tupu, lakini wavamizi wote walirudi hai. Kiweke kisa hiki akilini, nitakirudia.

Mwaka 1975 kampuni ya Aimpoint ya Sweden ikatoa kifaa cha kwanza cha nukta nyekundu kinachotumia betri, kwa bunduki ndefu. Jeshi la Marekani likanunua vya kampuni hiyo kwa wingi kuanzia 1997, na askari wengi wakabaki pia na chuma cha nyuma cha kukunja, kikalala hadi kitakapohitajika.

Kwenye bastola mambo yalienda njia nyingine. Mwaka 1990 Mmarekani Doug Koenig alishinda mashindano ya dunia ya kulenga kwa bastola, yaliyofanyika Adelaide, Australia, akitumia nukta nyekundu, na baada ya hapo wanamichezo wakaikimbilia. Bastola zao nyingi hazikuwa na vyuma kabisa. Ni sawa, maana ule ni mchezo. Betri ikifa unapoteza alama, unaenda nyumbani kula chakula cha jioni. Nadhani ushauri wa yule fundi ulitoka huko, na wala si mjinga, ila alimjibu mtu mwingine.

Vifaa vya wakati huo vilikuwa vikubwa na vilifungwa kwenye fremu. Kuviweka juu ya slaidi, ile sehemu ya bastola inayorudi nyuma kwa nguvu kila risasi inapotoka, ni sawa na kupiga simu yako ya mkononi kwa nyundo maelfu ya mara kisha ukategemea iwake. Trijicon walipotoa RMR yao mwaka 2009, ngumu na ndogo, ndipo watu wanaobeba bastola kwa usalama wao walianza kuamini. Glock wakatoa bastola zilizochongwa tayari kupokea vioo hivyo mwaka 2015, na mwaka 2017 jeshi la Marekani likachagua bastola ya SIG ambayo nayo inaweza kupokea kioo. Lakini kioo kinaposimama juu ya slaidi, vyuma vya kawaida vinazama nyuma yake. Dawa ilikuwa imeshalala dukani: vyuma virefu vilivyotengenezwa kwa ajili ya bastola zenye kizuia mlio, ambacho ni kinene na hufunika vyuma vifupi. Kitu kilichotengenezwa kwa tatizo moja kikatatua lingine. Sisi watu wa programu tunaijua sana hali hiyo.

Sasa nikarudi kwa swali langu la seva. Vyuma virefu unavitazama kupitia kioo kilekile cha nukta. Je, si diski mbili ndani ya seva moja? Nilikaa na hilo usiku mzima. Betri ikifa au taa ikiungua, kioo bado ni kioo, vyuma vinaonekana, uko salama. Kioo kikivunjika na kudondoka, unatazama kupitia fremu tupu na vyuma bado vipo. Lakini tope au damu ikifunika kioo, vyuma vimefunikwa pia. Hapo vyuma ni bure. Ila nukta bado inawaka upande wako, na hapo ndipo Son Tay inaporudi: fungua macho yote mawili, jicho lingine litaona shabaha. Kwa hiyo kila kimoja kinasimama pale mwenzake anapoanguka, mradi mtu amefanya mazoezi ya yote mawili.

Nilimwandikia mjomba hivi. Asiving'oe bila kuweka vingine. Aweke virefu, lakini visiwe virefu mno. Vichungulie sehemu ya chini ya kioo tu, kama theluthi moja, ili dirisha libaki wazi kwa nukta. Apime kwanza, kwa sababu kioo kilichozamishwa ndani ya slaidi kinahitaji vyuma vifupi kuliko kilichokaa juu ya bamba. Cha nyuma kiwe cheusi kabisa, bila nukta nyeupe, maana mzee mwenye macho yake hahitaji nukta nne za kuchagua gizani. Cha mbele kiwe chembamba na alama moja tu. Na avilenge peke yake, kioo kikiwa kimezimwa, asivifuatishe nukta. Akifuatisha, kosa la nukta litahamia kwenye vyuma, na tutakuwa tumerudi kwenye seva yangu.

Alinicheka kwenye simu kwa urefu wa barua. "Mpwa, nilitaka ndiyo au hapana."

Lakini aliviagiza, kupitia muuzaji mwenye leseni. Mwezi uliopita nilimsindikiza uwanjani. Alipiga risasi kumi na nukta. Kisha bila kuambiwa akaizima, akasimama kidogo akikunja uso kukitafuta kile chuma cha mbele, akapiga kumi nyingine polepole. Saba ziliingia kwenye karatasi. Akazihesabu mara mbili, akabadilisha betri ingawa ile ya zamani ilikuwa bado inawaka, akaandika tarehe kwenye kipande cha plasta na kukibandika kwenye kifuniko cha boksi.