JWTZ Tangu 1964: Nguvu Chini ya Sheria

Kila Septemba mosi, Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) huadhimisha kuundwa kwake mwaka 1964. Ilongero, kwenye mashamba ya alizeti ya Singida, iko mbali na kila mpaka wa nchi. Hata hivyo, mzazi wa Ilongero ambaye mwanawe ni askari ana haki ya kujua anatumwa vitani kwa sheria ipi.

Jeshi hili lilitokana na maasi. Januari 20, 1964, askari wa Tanganyika Rifles, jeshi la nchi wakati huo, waliasi katika kambi ya Colito, Dar es Salaam. Serikali iliomba msaada wa Uingereza, na Januari 25 makomando wa Uingereza wakawanyang'anya waasi silaha. Waliingia kwa ridhaa ya serikali halali, jambo ambalo sheria ya kimataifa inaliruhusu. Jeshi la zamani likavunjwa, jipya likaundwa chini ya mkuu wake wa kwanza, Mrisho Sarakikya.

Mtihani mkubwa ulikuja Oktoba 1978. Majeshi ya Idi Amin, rais wa Uganda, yalivamia Kagera, na Novemba mosi Amin akatangaza kuwa ardhi ya kaskazini mwa mto Kagera ni ya Uganda. Mkataba wa Umoja wa Mataifa, ibara ya 2(4), unakataza unyakuzi wa namna hiyo. Ibara ya 51 inampa aliyeshambuliwa haki ya kujilinda. Wananchi walichanga ng'ombe na chakula, mgambo wakaenda mstari wa mbele. Haki ya kumfukuza mvamizi ilikuwa bayana. Kusonga hadi Kampala, iliyotekwa Aprili 11, 1979, ndiko kulikozua ubishi: katika mkutano wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) mjini Monrovia, Julai, Tanzania ililaumiwa. Rais Nyerere naye aliilaumu OAU kwa kushindwa kumlaani Amin.

Mwaka 2008 askari wetu waliingia Anjouan kwa ombi la serikali ya Komoro, chini ya Umoja wa Afrika. Mwaka 2013 walikwenda Kongo kwa azimio namba 2098 la Baraza la Usalama, wakasaidia kulishinda kundi la waasi la M23. Desemba 7, 2017, zaidi ya kumi kati ya askari wetu waliuawa Semuliki, mashariki mwa Kongo.

Mashujaa hao tuwaenzi kwa kuitetea sheria waliyoitumikia. Sisi tuliosema Kagera kwamba mpaka hauhamishwi kwa mabavu, tuseme hivyo hivyo hata anayevamiwa akiwa jirani, na hata mvamizi akiwa rafiki yetu.