Chombo cha Majasusi Kilivyoingia Nyumbani

Wazazi wengi wanaotia katika kompyuta za watoto wao programu inayonasa kila kitufe kinachobonyezwa hudhani kwamba wamepata chombo kilichobuniwa mahsusi kwa ajili ya malezi, ilhali asili yake ni ya kijasusi, na kabla hakijafika mezani pa mtoto kilikuwa kimekwisha kupita katika mikono ya dola na ya polisi.

Kisa kilicho mashuhuri kupita vyote ni kile cha ubalozi wa Marekani mjini Moscow, ambako makarani walitumia taipureta za umeme za IBM Selectric, ambazo badala ya vijiti vya herufi zilikuwa na kijipira kimoja chenye herufi zote, kikizunguka na kuinama kila kitufe kilipobonyezwa. Mwaka 1984, kwa idhini ya Rais Reagan, Shirika la Usalama wa Taifa la Marekani liliondoa ubalozini vyombo vyenye uzito wa takriban tani 11, likaweka vipya mahali pake, na vile vya zamani vikasafirishwa hadi Marekani kupigwa eksirei. Mwezi wa Julai fundi mmoja akagundua, ndani ya ufito wa chuma ambao kwa nje haukuwa na dalili yoyote ya hiyana, vihisio vya sumaku vilivyopima mwendo wa sehemu zinazokiendesha kijipira, vikatambua ni herufi gani iliyopigwa, kisha habari hiyo ikarushwa nje kwa mawimbi ya redio. Taipureta 16 za Moscow na Leningrad zilikutwa na kasoro hiyo, na ujasusi wenyewe ulikuwa umeanza tangu 1976. Hikima ya Warusi ilikuwa hapa: mashine za kufumba maandishi, hata ziwe madhubuti namna gani, hazikufaa kitu, kwa sababu neno lilikamatwa kabla halijafumbwa.

Kwa hikima iyo hiyo polisi wa Marekani wa FBI walimwendea Nicodemo Scarfo mdogo, mwana wa jambazi mkuu wa Philadelphia, mwaka 1999. Katika kompyuta ya ofisi yake huko New Jersey mlikuwa na faili lililofungwa kwa fumbo wasiloweza kulifumbua. Basi wakaingia kwa amri ya mahakama, wakapachika chombo cha kunasa vitufe, wakalipata neno lake la siri, na ajabu ni kwamba lilikuwa nambari ya kifungo ya baba yake. Mawakili walipodai kwamba huko ni kudukiza mawasiliano, hakimu alikataa mwezi wa Desemba 2001, kwa kuwa chombo kilitengenezwa kisinase chochote wakati modemu inapofanya kazi.

Huku majumbani hofu ya intaneti ilikuwa imekwisha kutanda. Programu za mwanzo, kama SurfWatch na Cyber Patrol za miaka ya 1990, zilikuwa zikifunga milango tu. Lakini kampuni ya SpectorSoft ya Florida ikaja na Spector, iliyopiga picha za kioo cha kompyuta, na eBlaster, iliyomletea mzazi taarifa kwa barua pepe. Mimi si miongoni mwa wanaosema kwamba mzazi hana haki ya kumchunga mwanawe, na mwaka 1998 mahakama moja ya rufani ya Marekani iliamua kwamba mzazi aweza kuridhia kwa niaba ya mtoto kurekodiwa kwa simu zake, maadamu ana sababu ya kweli ya kuamini kuwa ni kwa maslahi yake. Lakini chombo hiki hunasa hata sentensi ambayo mtoto ameiandika, akaona haya, akaifuta asiipeleke kwa mtu. Na sijui ni mzazi gani wa zamani, hata awe mkali vipi, aliyewahi kuidai hiyo.

Wala chombo chenyewe hakijui umri wa anayebonyeza. Mke mmoja wa Florida aliitia Spector kwa siri katika kompyuta ya mumewe, akanasa maongezi yake na mwanamke mwingine, na mwaka 2005 mahakama ya rufani ikakubali kwamba huko ni kudukiza kunakokatazwa na sheria ya jimbo, ushahidi ukatupwa.

Lililo zito zaidi lilidhihiri mwaka 2010. Kampuni ya EchoMetrix iliwauzia wazazi programu ya Sentry ili wayaone maandishi ya watoto wao mtandaoni, na papo hapo ikawauzia wafanya biashara, kupitia huduma iitwayo Pulse, habari zilizochotwa katika maandishi hayo. Wazazi walikuwa wameambiwa kwa neno moja tu lisiloeleweka, lililofichwa yapata aya 30 ndani ya mkataba wa matumizi. Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani ikaishtaki, na katika mapatano yaliyofuata kampuni ikakatazwa kuzitumia habari hizo kwa jambo lolote isipokuwa kumwonyesha mwenye akaunti, ikaamriwa kuziteketeza zote zilizokwisha kuingia katika hazina ya Pulse.