Ukurasa wa Korosho

Kabla daraja la Kilifi halijafunguliwa mwaka 1991, msafiri wa Mombasa kwenda Malindi alishuka Mnarani na kungoja feri. Basi lilisimama kwenye foleni, abiria wakatawanyika chini ya miembe, na hapo hapo soko likaanza. Madafu, mahindi ya kuchoma, na zaidi ya vyote korosho. Kina mama wa Kigiriama walizikaanga nyumbani, wakaja nazo kwenye nyungo, wakakupimia kwa kikopo na kukufungia katika karatasi iliyokunjwa kama pembe. Karatasi hiyo ilikuwa gazeti kuukuu, au daftari la mtoto aliyemaliza shule, au chochote kilichookotwa mjini.

Mwaka 1971 nilikuwa na miaka tisa. Mjomba alininunulia korosho za sumuni, nikazila zote juu ya feri, kisha nikaikunjua karatasi ili nilambe chumvi. Ndani yake mlikuwa na picha. Mtu mwenye tai ya kipepeo amening'inia dirishani kwa mkono mmoja, kofia yake inaanguka kuelekea barabarani, na kiatu cha mtu mwingine kinashuka juu ya vidole vyake. Nikageuza upande wa pili: tangazo. Hadithi ilikatikia pale. Nikamwomba mjomba turudi kwa yule mama nikatazame karatasi zake nyingine, lakini feri ilikuwa imekwisha kuondoka.

Huyo mtu nilikuja kumjua baadaye. Ni Lance Spearman, wenyewe tukimwita Spear, mpelelezi wa jarida la African Film lililotolewa na kampuni ya Drum, ile ile ya jarida maarufu la Drum. Halikuwa katuni ya kuchorwa. Lilikuwa jarida la picha za kamera, watu halisi wamevaa na kuigiza, na maneno yao yameandikwa katika vipovu juu ya vichwa. Spear alikuwa Mwafrika mwenye kofia, sigara kubwa mdomoni na gari la Corvette Stingray, akisaidiwa na Sonia na kijana Lemmy, akishirikiana na Kapteni Victor wa polisi. Kwa mtoto wa Shela, Malindi, aliyezoea kuona mashujaa wa vitabu vya shule wote ni Wazungu, kumwona mtu mweusi ndiye anayewakimbiza majambazi, na si yeye anayebeba mizigo ya Mzungu porini, lilikuwa jambo la kukukosesha usingizi.

Mjini petu hatukuyanunua majarida haya, tuliyakodi. Kijana mmoja, mkubwa kwetu, alikuwa na sanduku la mbao lililowahi kuwa la sabuni. Alipata majarida yake kwa makondakta wa mabasi, walioyaokota chini ya viti Mombasa. Ulitoa kipeni, ukaketi kwenye baraza ya nyumba yao, ukasoma mbele ya macho yake. Kuondoka nalo, marufuku. Mkiwa watatu, kipeni kilitosha kwa wote mradi mgeuze kurasa kwa pamoja, na asiyejua Kiingereza akatafsiriwa na anayejua. Mimi Kiingereza changu cha kwanza nilikitoa humo wala si darasani. Na kila aliyesoma aliandika jina lake kwenye jalada kwa penseli, kwa sababu mwenye sanduku aliyahesabu majina ili ajue jarida lipi limemlipa. Jarida lililojaa majina ndilo tuliloligombania. Tulijua kuwa ni tamu, wenzetu wameshatupimia.

Jarida likishachakaa, kurasa za katikati zikachomoka kwenye pini, aliliuza kwa uzito. Kutoka hapo lilikwenda kwa muuza njugu, kwa mama wa viazi vya karai, na kwa wauza korosho wa Mnarani. Ndiyo safari ya ule ukurasa wangu, au inayofanana nayo.

Nayasema haya kwa urefu kwa sababu watu huniuliza kwa nini magazeti na majarida ya zamani hayapatikani pwani yetu, na wengi hudhani kuwa sisi hatukuwa wasomaji. Si kweli. Yalikwisha kwa kusomwa. Yaliyosalimika na wasomaji yalimalizwa na hewa. Hewa ya Malindi ina chumvi; pini mbili za chuma zinazoshika jarida huota kutu katika masika moja tu, kutu ikala karatasi kuizunguka, na jalada likaachana na kurasa. Karatasi yenyewe ilikuwa ya bei rahisi, ya magazeti, inayogeuka manjano hata ukiifungia kabatini. Kisha mchwa. Marehemu baba yangu alihifadhi Taifa Leo zake kwa ajili ya Juha Kalulu, mchoro wa Edward Gitau uliomchekesha maisha yake yote, na siku alipofungua sanduku baada ya miaka michache alikuta udongo umesimama wima pale palipokuwa na magazeti.

Mwaka 1973 likatoka Joe, jarida la Nairobi lililoanzishwa na Hilary Ng'weno na Terry Hirst. Joe alikuwa mlalahoi wa mjini anayecheka ili asilie, na humo waliandika akina Meja Mwangi. Malindi lilifika kwa uchache na kwa kuchelewa, na mwisho wa muongo lilikuwa limekufa. Tanzania nako walikuwa na mambo yao, lakini sisi hatukuyaona: mpaka ulifungwa mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, na haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Nakumbuka vizuri mara ya kwanza kushika jarida la katuni la Sani, lililopita Lungalunga katika kapu la mfanyabiashara wa vitenge. Wahusika wake Ndumilakuwili, Madenge, Lodi Lofa! Na vyote kwa Kiswahili, Kiswahili cha mitaani cha Dar es Salaam, ambacho nusu yake tulilazimika kuulizana. Nilikuwa mwalimu wakati huo. Nililipeleka darasani, nikawasomesha watoto insha kwa kutumia Madenge, na sijawahi kupata darasa lililotulia kama lile.

Malindi ina mkondo mwingine ambao miji mingine ya pwani haina: Waitalia. Walianza kuja kwa kazi ya San Marco, jukwaa la kurushia setilaiti baharini karibu na Ngomeni, lililorusha ya kwanza Aprili 1967. Nyuma yao wakaja watalii, na watalii husoma ufuoni kisha huacha walichosoma. Binamu yangu alikuwa akisafisha vyumba katika hoteli moja miaka ya themanini. Kila Jumamosi, wageni wakishakwenda uwanja wa ndege, alirudi nyumbani na Tex, ng'ombe na bastola, jarida lililoanza mwaka 1948. Na Diabolik, kijitabu kidogo cha kutia mfukoni kilichobuniwa mwaka 1962 na ndugu wawili wa kike wa Milano, Angela na Luciana Giussani. Vijana wanaowatembeza wageni, mabichi-boi kama tuwaitavyo, waliazima vitabu hivyo kwake. Watu hushangaa jinsi vijana wa Malindi na Watamu wanavyozungumza Kitaliano bila kukanyaga darasa. Wengi walijifunza kwa masikio, lakini nawajua watatu waliojifunza kusoma Kitaliano kwa Tex, kwa kutazama picha na kukisia neno, kama sisi tulivyofanya kwa Spear.

Kisha mwaka 1996 ikaanzishwa Nairobi kampuni ya Sasa Sema, kutoa vitabu vya katuni kwa Kiswahili. Gado alichora Abunuwasi. Samuel Mulokwa alichora mkasa wa shujaa Liyongo. Hicho cha Liyongo nilimletea nyanya yangu, aliyezaliwa Kipini, pale pale wanapokuonyesha kaburi la Liyongo. Hakujua kusoma herufi za Kizungu, ila alisoma Kiswahili kwa herufi za Kiarabu na kisa chote alikuwa nacho kichwani. Alifungua kurasa za mwisho moja kwa moja, kutafuta kifo cha shujaa, sindano ya shaba na kisima. Kisha akakifunga, akanambia nikiweke juu ya kabati pamoja na vitabu vyake. Kwa nyanya, hapakuwa na heshima kubwa kuliko hiyo. Yeye alifariki, nyumba ikavuja, na kitabu kikaoza na vingine vyote.

Basi ninapotafuta leo ule ukurasa wangu, natafuta mbali. Nyaya za intaneti za baharini zilipofika Mombasa mwaka 2009, mtandao wa Malindi ukaanza kuwa wa kutumika, na usiku mmoja nikaandika jina la Lance Spearman. Yakatokea majalada. Niliyatazama hadi adhana ya alfajiri. Yalikuwa mikononi mwa wauzaji wa Uingereza, Marekani, Nigeria. Watu ambao kazi yao ni kununua majarida ya kale na kuyauza moja moja, kila moja na picha ya jalada na maelezo ya kasoro zake.

Ununuzi wangu wa kwanza ulikuwa mwaka 2012. Jarida pauni 18, nauli ya posta karibu sawa na jarida lenyewe. M-Pesa haikuweza kumlipa muuzaji wa ng'ambo, kwa hiyo nilimtumia pesa mpwa wangu aliyeko Leicester, akalipa kwa kadi yake, akapokea bahasha, na ikakaa kwake miezi saba hadi alipokuja kwa Idi. Siku hizi ni rahisi. Tangu Juni 2022 Safaricom ina kadi ya mtandaoni ya kulipia kwa M-Pesa, na kijana wa mtaani alinifungulia kwenye simu yangu kwa dakika tano. Lakini bado napendelea mizigo ije na mtu. Bahasha iliyokaa mvuani mlangoni pa mtu ilinipotezea matoleo mawili, na muuzaji hakurudisha hela.

Yale maelezo ya kasoro ndiyo yaliyonifundisha zaidi. Biashara hii ina vipimo vyake. Mwaka 2000 kampuni ya CGC ya Marekani ilianza kukagua majarida, kuyapa alama kutoka 0.5 hadi 10, na kuyafungia katika plastiki ngumu isiyofunguka bila kuvunjwa. Alama moja ikipanda, bei huruka. Toleo la kwanza la Action Comics, lililotoka mwaka 1938 kwa senti 10 na kumleta Superman duniani, liliuzwa kwa mnada wa mtandaoni wa eBay Agosti 2014 kwa zaidi ya dola milioni 3.2. Nakala hiyo ilikuwa na alama 9, kwa kuwa mwenyewe wa kwanza aliishi milimani West Virginia na akaiweka katika sanduku la mti wa mwerezi, penye baridi na ukavu. Hakuna sanduku kama hilo Malindi.

Mwaka 2016 niliona toleo la African Film lililopunguzwa bei. Muuzaji, mtu mwaminifu sana, alieleza kila dosari: pini zina kutu, kona imekunjika, muhuri wa duka la Mombasa, majina manne kwa penseli juu ya jalada. Majina yenyewe katika picha hayakusomeka. Moyo wangu ulipiga. Nililinunua saa ile ile bila kuomba nipunguziwe, ingawa lilikuwa toleo ambalo tayari nilikuwa nalo katika hali nzuri. Lilipofika nililipeleka dirishani kwenye mwanga. Majina mawili yamefutika. Mengine mawili ni ya kipwani, lakini si ya watoto niliowajua. Kwa muuzaji, majina yale yalimla pauni kumi. Mimi naona wasomaji wanne, na kipeni cha kila mmoja, na sijui kipimo cha CGC kingewaweka wapi watoto hao.

Simlaumu muuzaji. Lau si watu wa namna yake, Spear angekuwa amekwisha kabisa, maana sisi tuliompenda hatukubakisha hata jalada. Ninacholalamikia ni plastiki. Ule ukurasa wangu naujua kwa picha ya ndani tu. Jalada lake sijapata kuliona, wala namba, wala mwezi. Ili kuupata lazima mtu afungue jarida na kutazama, ukurasa kwa ukurasa. Nakala iliyofungiwa haifunguliwi. Nimewahi kumwomba mwenye nakala kama hiyo aivunje, nikamwahidi kulipa bei yote hata kama ukurasa haumo. Alikataa kwa adabu. Kwa hesabu yake alikuwa sahihi.

Kwa hiyo nawaandikia wenye majarida yaliyo wazi, yaliyochakaa, yasiyo na alama. Nina matoleo 14 sasa, katika bati lenye mfuniko, na mfuko wa mchele uliokaangwa kufyonza unyevu. Wajukuu huyasoma barazani wakishanawa mikono. Mwezi huu nimempata mzee mmoja wa Lagos mwenye rundo la marehemu kaka yake. Nilimweleza: dirisha, mkono mmoja, kofia inaanguka, kiatu. Alinijibu baada ya siku nne na picha za kurasa mbili alizozidhania. Ya kwanza ni Spear juu ya paa, kofia bado kichwani. Ya pili ina dirisha, lakini anayening'inia ni jambazi. Nimemshukuru, nimemwomba afungue toleo linalofuata.