Unga Una Uzito: Hesabu ya Marikiti

Ukitaka kuipima kampuni ya mtandaoni, usianze na programu yake. Anza na swali ambalo Marikiti imeishi nalo tangu jengo lake lisimame mwaka 1914: mzigo huu, nani analipa kuufikisha?

Kabla ya jengo hilo, Mombasa ilishaona kampuni iliyoshindwa na swali lenyewe. Mwaka 1888 Imperial British East Africa Company ilipewa hati ya kifalme huko Uingereza, ikiongozwa na William Mackinnon, na makao yake huku pwani yakawa Mombasa. Wenye hisa walikuwepo na ndoto ilikuwa kubwa: kukusanya ushuru wa forodha pwani na kushika biashara ya bara mpaka Uganda. Shida ni kwamba reli haikuwepo. Mzigo ulipanda bara vichwani mwa wapagazi, miezi njiani, na kila pagazi alitaka ujira na chakula. Kila kampuni ilipofika mbali zaidi, gharama nazo zilipaa. Mwaka 1893 ikajitoa Uganda, na mwaka 1895 serikali ya Uingereza ikaichukua nchi. Mtaji ulikauka kabla faida haijazaliwa.

Sasa tazama miaka yetu hii. Copia ilianza Kenya mwaka 2013, ikiwapelekea watu wa vijijini bidhaa kupitia mawakala. Mei 2024 ikawekwa mikononi mwa wasimamizi. Jumia iliingia soko la hisa la New York Aprili 2019, lakini mwisho wa 2023 ikafunga Jumia Food, huduma yake ya kupeleka chakula. Kila moja ina kisa chake, ila zote zilikutana na mlima uleule: oda ndogo, safari ndefu.

M-Pesa, iliyoanza mwaka 2007, ilipita njia nyingine. Wakala anaweka floti yake mwenyewe, anapata kamisheni, na mteja analipa ada papo hapo. Ni kazi ya dalali wa zamani: bidhaa si yake, lakini kila biashara ikifungwa anapata chake. Utasema, mbona Copia nayo ilikuwa na mawakala? Kweli. Lakini pesa ya simu haina uzito. Unga una uzito.

Kwa hivyo wewe unayefungua duka Instagram, unachukua viungo Marikiti na mteja wako yuko Mtwapa, usihesabu wafuasi kwanza. Chukua oda moja tu. Toa bei uliyonunulia, toa nauli ya bodaboda, toa ada ya kutuma pesa, toa na ile pakiti itakayorudishwa. Kikibaki kitu, hata kidogo, una biashara. Kikibaki sufuri, oda elfu zitakupa sufuri elfu. Na ukiwa unapata hasara kwa kila oda, basi wateja wengi watakufilisi haraka kuliko wachache.