Gule Wamkulu: Wageni Ndani ya Kinyago

Msomaji wa Kiswahili akisikia gule wamkulu hahitaji kamusi nene. Gule ni ngoma, na katika wamkulu tunaiona -kuu yetu: ndiyo Ngoma Kuu ya Wachewa wa Malawi, Zambia na Msumbiji. Neno la kujihadhari nalo ni kulamba. Kwa Kichewa ni kutoa heshima kwa mkuu, wala halihusiani na ulimi. Kulamba ndilo tamasha la kila Agosti huko Mkaika, wilayani Katete, mashariki mwa Zambia, ambako Wachewa wa nchi zote tatu hukusanyika mbele ya mfalme wao, Kalonga Gawa Undi, na vinyago hucheza. Wakoloni walilipiga marufuku mwaka 1934. Likafufuliwa mwaka 1984.

Wachezaji ni wanachama wa Nyau, chama cha siri cha wanaume. Wachewa hufuata ukoo wa mama, na zamani mwanamume aliyeoa alihamia kwa wakwe, ambako hakuwa na sauti kubwa. Ndani ya Nyau alipata wenzake. Vinyago huandaliwa dambwe, mahali pa faragha, aghalabu karibu na makaburi, na anayevaa hatajwi jina: yeye si fulani tena, ni mzimu au mnyama. Mashuhuri ni Kasiyamaliro, umbo kubwa la pofu linalokuja msibani.

Wageni nao waliingizwa ngomani. Wamisionari Wakatoliki, waliofika mwaka 1901, waliwakataza waumini kucheza; Nyau wakajibu kwa kuwachonga. Simoni ana uso mwekundu wa Mzungu, na Maria anamkejeli Bikira Maria. Haukuwa utani mtupu, kwani kwa ugomvi huo watoto wengi walizuiwa kwenda shule za misheni. Ajabu ni kwamba katika misheni ya Mua, iliyoanzishwa mwaka 1902, ndiko Padri Claude Boucher alikofungua kituo cha Kungoni mwaka 1976, na makumbusho yake yana mamia ya vinyago hivyo hivyo.

Kwa sisi walimu wa Kiswahili kuna kinyago kigumu zaidi kukitazama: mfanyabiashara wa watumwa. Huko Nkhotakota, magharibi mwa Ziwa Malawi, akina Jumbe kutoka pwani walijikita tangu miaka ya 1840, wakivusha mateka ziwani kuelekea Kilwa. Kiswahili kilifika ufukweni huko pamoja na misafara hiyo. UNESCO iliitangaza ngoma hii kuwa urithi wa binadamu mwaka 2005, na mfanyabiashara yule bado anacheza humo, sambamba na pikipiki na helikopta.