Chimbuko la Mafunzo ya Ubingwa wa Usingizi katika Upasuaji wa Moyo na Kifua

Mwanzoni mwa karne ya 20, kifua kilikuwa bado eneo lililoogopwa na wapasuaji wengi. Kifua kinapofunguliwa, hewa ya nje huingia, pafu husinyaa, na mgonjwa aliyelazwa kwa etha hushindwa kupumua vya kutosha. Mwaka 1904, huko Breslau, Ferdinand Sauerbruch alibuni chumba chenye shinikizo dogo la hewa. Wapasuaji na kiwiliwili cha mgonjwa walikuwa ndani, ilhali kichwa cha mgonjwa kilitokeza nje. Mtoa usingizi naye alikaa huko nje, ametengwa na kifua chenyewe.

Mwaka 1909, Samuel Meltzer na John Auer wa New York walionyesha kwa wanyama kuwa hewa inaweza kupulizwa kwa mrija uliopitishwa katika bomba la hewa. Chumba cha Sauerbruch kikasahauliwa taratibu, na mrija ukabaki. Tangu hapo, pumzi ya mgonjwa ilianza kuwa dhamana ya aliyekaa kichwani pake.

Dhamana hiyo, hata hivyo, haikuwa na shule. Robert Gross alipofunga mshipa wa mtoto karibu na moyo huko Boston mwaka 1938, usingizi ulitolewa na muuguzi, Betty Lank. Historia za upasuaji aghalabu humtaja Gross pekee.

Tukio zito zaidi lilitokea Baltimore, katika Hospitali ya Johns Hopkins, tarehe 29 Novemba 1944. Alfred Blalock alikusudia kumpasua mtoto wa kike wa miezi 15, mwenye uzito usiofika kilo 5, ambaye midomo yake ilikuwa ya buluu kwa kukosa oksijeni. Wazo la tiba lilitoka kwa Helen Taussig. Mbinu ilijaribiwa maabarani na Vivien Thomas, ambaye siku hiyo alisimama nyuma ya Blalock akimwelekeza. Austin Lamont, aliyeongoza kitengo cha usingizi, aliona mtoto yule ni dhaifu mno na hakukubali kumlaza. Kazi ikamwangukia Merel Harmel, daktari kijana aliyekuwa bado mafunzoni. Si haki kumwona Lamont kuwa mwoga. Etha ilikuwa hatari halisi kwa mtoto wa aina ile, na hapakuwa na kitabu cha kumwongoza yeyote. Mtoto alitoka salama chumbani, ingawa alifariki miezi michache baadaye.

Mwaka 1946, Harmel na Lamont walichapisha pamoja taarifa ya wagonjwa 100 wa upasuaji huo, wakakiri kuwa vifo 10 vilihusiana na usingizi wenyewe. Taarifa hiyo huhesabiwa kuwa miongoni mwa misingi ya taaluma hii, na thamani yake kubwa imo katika ukiri huo: aliyefuata alijua hatari ilipo.

Tarehe 6 Mei 1953, John Gibbon alitumia mashine ya moyo na mapafu huko Philadelphia, akaziba tundu katika moyo wa msichana wa miaka 18. Daktari wa usingizi sasa alipaswa kuelewa damu iliyozuiwa isigande, mwili uliopozwa, na moyo unaorejeshewa kazi baada ya kusimama. Katika miaka ya 1980 kipimo cha mawimbi ya sauti kupitia umio kikaenea, na yule aliyewahi kukaa nje ya chumba cha Sauerbruch akaweza kutazama vali zikifunguka na kufunga, hata kumweleza mpasuaji kwamba mshono unavuja kabla kifua hakijafungwa.

Kwa muda wote huo kila hospitali kubwa ya Marekani ilijipangia namna ya kufundisha. Ilipita miaka 60 tangu taarifa ya Harmel na Lamont hadi mwaka 2006, ndipo mwaka mmoja wa mafunzo ya juu ya usingizi wa moyo na kifua kwa watu wazima ulipowekewa vigezo vya kitaifa vya ithibati. Mtihani wa kwanza wa bodi kwa ubingwa wa usingizi wa moyo wa watu wazima ulifanyika mwaka 2023.